Kura Mbili za Kusumpadar

Mheshimiwa wetu alipofariki, kiti cha Malipada katika bunge la jimbo kilikaa wazi miezi mitano. Halafu ikatangazwa tarehe ya uchaguzi mdogo, na jina langu, Snehalata, likatokea kwenye orodha ya wasimamizi wa vituo. Nilikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mwaka wa kumi na tisa kazini, na chaguzi nne nilishazisimamia bila doa. Lakini nilipoifungua barua nikaona nimepangiwa Kusumpadar, niliikunja taratibu nikairudisha ndani ya bahasha, kama mtu aliyefungua barua ya jirani kwa makosa.

Malipada nzima ilijua habari za Kusumpadar. Kijiji kiko ng'ambo ya mto Sundul, na mto huo hauna daraja. Daraja waliahidiwa katika kila uchaguzi. Msimu wa mvua uliopita msichana mmoja wa pale, Jhunu, alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati mto umefurika. Walimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka ukingoni, wakakaa naye tangu asubuhi wakingoja maji yapungue. Hayakupungua. Alikata roho palepale kwenye mchanga, na mtoto tumboni. Matanga yalipokwisha kijiji kilifanya kikao, na mzee wao, Dasarathi Majhi, akasema bila daraja hakuna kura. Wote wakala yamini.

Tulivuka mchana wa siku ya kuamkia uchaguzi. Sundul haukauki hata kiangazi, maana bwawa la juu huufungulia maji yake, kwa hiyo tulivushwa kwa chelezo cha mianzi kinachovutwa kwa kamba, mashine ya kura nikiwa nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Tulikuwa wanne na askari wawili. Msaidizi wangu alikuwa Nirakar Bhoi, karani wa ofisi ya kilimo, mtu mnene mwenye maneno mengi, ambaye siku hiyo aliogopa maji kiasi cha kunyamaza.

Kituo kilikuwa shule ya kijiji. Ukutani walikuwa wameandika kwa chokaa, herufi kubwa kama ndoo: DARAJA LA JHUNU KWANZA, KURA BAADAYE. Dasarathi mwenyewe alitupokea. Alikuwa mrefu, mkavu, sauti yake ya chini. Alituambia wageni ni wageni, chakula tutapata, maji tutapata, hakuna atakayetugusa. Kura tusahau. Kisha akatuonyesha mpishi wa shule, mwanamke wa makamo aliyekuwa akipuliza moto nyuma ya darasa, akasema huyo atatupikia.

Alitupikia wali, dengu na mboga ya majani, akatupakulia kwenye sahani za majani makavu. Nirakar, tumbo lilipojaa na ulimi kumrudia, alimsifia dengu, akamuuliza ana watoto wangapi. Mwanamke alisema alikuwa naye mmoja. Akachukua sufuria akaondoka. Baadaye askari alitunong'oneza kwamba huyo ndiye Kuntala, mama yake Jhunu. Nirakar alijipiga kofi la paji la uso, na usiku ule hakusema tena.

Saa moja asubuhi tulifungua kituo. Wapiga kura mia tatu na arobaini kwenye daftari, na mlangoni hakuna hata mbuzi. Wanakijiji walikuwa wamekaa upande wa pili wa njia, karibu na pampu ya maji, nje ya mstari wa chokaa tuliouchora, wanaume mbele na wanawake nyuma. Hawakupiga kelele. Walitutazama tu, kama watu wanaotazama duka la mtu waliyeapa kutonunua kwake.

Wakala wa chama alikuwa mmoja tu. Chama cha Ngazi, ndicho chenye serikali, kilimleta kijana kutoka mjini, Jogesh, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Ngazi walikuwa wamemsimamisha Bwana Umakanta, mdogo wake marehemu. Mpinzani wake alikuwa wakili mmoja mwanamke wa chama cha Mtungi. Wakala wa Mtungi alikuwa mtu wa Kusumpadar, na yeye alikuwa amekaa pale kwenye pampu pamoja na wenzake.

Niseme na langu, ili mtu asidhani nilikuwa sina upande. Nilikuwa nikimtaka yule wakili. Marehemu na ndugu yake nimewasikia wakiahidi tangu nasoma sekondari. Lakini pia nilikuwa na faili mezani kwa Umakanta. Mama yangu alikuwa amepooza upande mmoja, amelala nyumbani Malipada akitunzwa na jirani, na mimi nafundisha umbali wa mabasi mawili. Nilikuwa nimeomba uhamisho kwa miaka mitatu. Umakanta alikuwa ameniambia kwa upole, "Mwalimu, uchaguzi ukiisha tutaliona hilo."

Ilipofika saa tano tulikuwa bado na sifuri. Nirakar alisema kwa sauti ya chini kwamba leo tunalipwa posho ya kulinda nzi. Ndipo ofisa wa kanda alipovuka na chelezo, suruali imelowa mpaka magotini, hasira juu. Aliniambia kituo chenye sifuri ni aibu kwa wilaya na swali kwangu. Nikamwambia kazi yangu ni kufungua mlango, kuingia ni hiari ya mtu. Akatazama huku na huku, akamwona Kuntala jikoni, akauliza huyo anapokea mshahara wa nani. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia kwamba anayekula mkono wa serikali na kuisusia serikali asishangae mkono ukifungwa. Kisha akarudi mtoni. Kule kwenye pampu watu waliinuka kidogo, wakakaa tena. Kuntala aliendelea kuchagua mchele kama vile hakuna aliyesema kitu.

Saa nane mchana aliosha vyombo vyetu, akavifunika. Akaingia kwake, nyumba ya pili kutoka shule, akatoka amevaa sari nyingine, ya kijani iliyopauka, na mkononi ameshika kadi yake ya kupigia kura.

Nilisimama mlangoni. Sikuwa na ruhusa ya kutoka, wala yeye hakuhitaji nimtokee. Kijiji chote kiliinuka. Dasarathi alivuka njia akamkuta pale kwenye mstari wetu wa chokaa, naye hakuukanyaga.

"Kuntala, unakwenda wapi na kadi hiyo?"

"Unaona ninakokwenda, kaka."

"Yule ofisa amekutisha. Sema tu. Kama ni kazi ya jikoni, wakikufukuza kijiji kitakulisha."

"Hajanitisha mtu."

"Basi fikiri. Watu wote hawa wamekaa juani tangu alfajiri kwa ajili ya Jhunu. Ukiingia mle, kifo chake umekitupa."

Kuntala aliitazama kadi yake, nikadhani atageuka. Alipozungumza hakupandisha sauti, ila kimya kilikuwa kikubwa hivi kwamba hata sisi tulisikia kila neno.

"Siku ile nilikuomba chelezo. Ulishika kamba ukaniambia mto umejaa."

"Ulikuwa umejaa, dada yangu. Vijana wanne wangekufa."

"Ulikuwa umejaa. Sijakataa. Lakini hukuniuliza mimi. Ningevuka naye peke yangu. Tungefika au tungezama, lingekuwa shauri langu na mwanangu. Ukaamua wewe. Kikao kikaitwa, jina lake likapakwa ukutani, nako sikuulizwa. Leo kidole changu nacho unataka kukiamulia?"

Dasarathi alitazama ukuta ule wenye jina la Jhunu. Kisha akapiga hatua moja kando. Nyuma yake mwanamke mmoja alitema mate chini, na kijana mmoja akasema kwa kejeli, "Mwacheni, wali wa serikali mtamu." Kuntala akapita.

Nirakar alimsomea jina lake kwenye daftari: Kuntala Majhi, namba mia mbili na kumi na nne. Hajui kusoma, lakini daftari letu lilikuwa na picha, na picha ya mia mbili na kumi na tano ilikuwa na muhuri wa aliyefariki. Aliiwekea kidole pembeni bila kuigusa. "Huyu hapa," alisema. Nirakar, mtu wa maneno mengi, aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta chupa ya wino.

Kabla hajapakwa, aligeuka kwangu.

"Mwalimu, nikibonyeza, watajua nimembonyeza nani?"

Swali hilo nimeulizwa mara mia katika maisha yangu, na mara mia nimejibu: hapana mama, kura ni siri. Jibu lilifika mpaka kwenye meno, nikalizuia. Nilikuwa mwalimu wa hesabu. Siku ya kuhesabu, namba husomwa kituo kwa kituo, na mawakala huandika. Nikamwambia hivyo.

"Kwa hiyo kama hapa iko moja tu..."

"Itakuwa ni yako."

Jogesh, kwenye kiti chake karibu na dirisha, alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Wote mle ndani tulijua maana yake. Kamati inayompa Kuntala jiko kila mwaka ilikuwa ya watu wa Ngazi. Akiwapa Mtungi, jiko limekwenda. Na akiwapa Ngazi, kijiji kitasema kwamba mama ameuza kifo cha mwanawe kwa sufuria ya wali, na ataishi na watu hao mpaka afe.

"Na zikiwa mbili?" aliuliza.

"Zikienda upande mmoja, zitajulikana zote. Zikigawanyika, hakuna atakayejua ipi ni ya nani."

Alifikiri. Akachukua kadi yake mezani.

"Basi nitamngoja mwingine," akasema, akaenda kukaa kwenye benchi barazani, mgongo umenyooka, uso kwa kijiji chake.

Kituo kilikuwa kinafungwa saa kumi. Nilitazama saa ya ukutani ya darasa, ambayo ilikuwa imesimama, kisha yangu, ambayo ilikuwa inakwenda haraka mno. Saa nane na nusu. Saa tisa. Hakuna aliyekuja. Nani angekuja? Jua lilizunguka likampiga usoni, hakusogea. Kule kwenye pampu walikuwa hawakai tena, wamesimama. Msichana mdogo alitaka kumpelekea maji, mama yake akamvuta nyuma kwa nywele. Askari wetu mmoja aliniuliza kwa macho kama aishushe bunduki yake begani, nikamwambia kwa macho aache ilivyo.

Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na karatasi. Mtumishi wa uchaguzi anayepangiwa kituo katika kiti kilekile alichojiandikisha hupewa hati, aitumie kupiga kura pale alipo kazini. Wenzangu walikuwa wa viti vingine. Mimi peke yangu nilikuwa wa Malipada. Nilikuwa nimeichukua hati ile kwa mazoea, na tulipofika na kuona ukuta ule nikaamua nisiitoe. Niliona si haki, mgeni kuja kuharibu sifuri ya watu waliofiwa.

Sasa nilianza kupiga hesabu. Nikipiga kura, wanakijiji watasema msimamizi amewajazia sanduku. Hilo moja. La pili, nimpe nani? Moyo wangu ulikuwa kwa wakili wa Mtungi. Lakini Kuntala naye, mama aliyefiwa kwa kukosa daraja la ahadi za Umakanta na kaka yake, ningeapa kwamba anakwenda kubonyeza Mtungi. Mtungi mbili, na sote wawili tumevuliwa nguo hadharani: yeye bila jiko, mimi bila uhamisho. Ili kumfunika ilinipasa nibonyeze Ngazi. Na kama nimemsoma vibaya? Kama ametishika, au ana sababu zake, naye akabonyeza Ngazi? Ngazi mbili, na nitakuwa nimempiga muhuri wa msaliti kwa mkono wangu. Kumuuliza nisingeweza. Kumuuliza mpiga kura anampa nani ni kosa la kufukuzwa kazi, na hata lisingekuwa kosa, Jogesh alikuwa na masikio.

Saa tisa na dakika thelathini na tano nilifungua mkoba, nikaiweka hati mbele ya Nirakar.

"Niandike," nikamwambia.

Nirakar aliitazama, akanitazama. "Dada Snehalata," alisema polepole, "una hakika?"

"Niandike, Nirakar."

Jogesh alisimama. Alisema msimamizi hawezi kupiga kura kwenye kituo anachokisimamia. Nikampa kitabu cha kanuni, ukurasa nilikuwa ninaujua. Aliusoma mara mbili, midomo ikicheza, akanirudishia. Kisha akasema kwa heshima iliyokuwa na miiba, "Sawa, mwalimu. Bwana Umakanta atafurahi kusikia umejitokeza."

Nilipakwa wino. Niliingia nyuma ya kizuizi cha karatasi ngumu kinachoificha mashine. Vitufe vilikuwa vinne: Ngazi, Mtungi, mgombea mmoja asiye na chama, na cha mwisho cha mtu asiyemtaka yeyote. Nakumbuka kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye Mtungi kikakaa pale, bila kubonyeza. Katika umri wangu wote sikuwahi kuwapa Ngazi. Nilimfikiria marehemu akicheka jukwaani. Nilimfikiria yule mwanamke juani. Nikapandisha kidole nikabonyeza Ngazi kwa nguvu, kama mtu anayeua mdudu. Mashine ikalia mlio wake mrefu, nao ukasikika mpaka nje.

Niliporudi mezani, Kuntala alikuwa ameshasimama mlangoni. Hakuniangalia. Alinyoosha kidole, akapakwa wino, akaingia. Alichukua muda. Mlio ulipotoka, sauti moja kule nje ilisema, "Mbili," na nyingine ikajibu kwa matusi ambayo sitayaandika.

Tulifunga saa kumi kamili. Tulipotoka na mashine, njia ya mtoni ilikuwa imejaa watu. Askari walituweka katikati. Hawakutupiga, lakini hawakutupisha, na yule kijana wa kejeli alisimama mbele yangu karibu kiasi cha kunusa jasho lake. Alisema walituomba kitu kimoja tu, tuache sifuri yao iende mjini ilivyo, na mwalimu mzima ameiba hata hiyo. Wengine wakaitikia. Mmoja akasema mashine ibaki hapa, ivushwe siku daraja litakapojengwa. Mkono ukashika mkanda wa mashine. Nirakar aliukumbatia mzigo ule kwa mikono miwili.

Dasarathi alikuja kutoka upande wa chelezo. Watu walimpa njia.

"Mwalimu," alisema, "ile kura yako umeipiga kwa haki gani?"

"Nimejiandikisha Malipada. Hati ninayo."

"Ungeweza kuipiga kwa posta. Ungeweza kuiacha. Tangu asubuhi umekaa nayo mkobani. Kwa nini hapa, na kwa nini saa ile?"

Nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa limesimama hatua ishirini nyuma ya bega lake, kwenye mlango wa jiko, limevaa sari ya kijani. Nisingeweza kulitamka. Lakini macho yangu yaliponyoka kwenda huko, na yeye akayafuata. Alimtazama Kuntala muda mrefu.

"Wavusheni," alisema.

Yule kijana akaanza kubisha. Dasarathi aliuondoa ule mkono kwenye mkanda, kidole baada ya kidole, kisha akatutangulia mtoni, akaingia majini mpaka kifuani akashika kamba yeye mwenyewe. Tulipokanyaga ng'ambo nilimshukuru. Akaniambia, bila kuniangalia, "Siku ile nilishika hii hii." Akavuta kamba akarudi.

Siku ya tatu kura zilihesabiwa mjini. Ngazi walishinda kwa zaidi ya elfu sita. Kusumpadar iliposomwa, Ngazi moja, Mtungi moja, ukumbi mzima ulicheka. Nilikuwa nimemsoma Kuntala sawasawa.

Haikupita wiki mbili, mheshimiwa mpya akaniita. Alinikaribisha chai na vitumbua vya maziwa vilivyotiwa shira, akaniulizia hali ya mama. Faili langu lilikuwa mbele yake, limefunguliwa ukurasa wa sahihi. Jogesh alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Mwalimu, mimi si mtu wa kulazimisha," Umakanta alisema. "Kusumpadar tulipata moja. Vijana wangu wanabishana. Wengine wanasema ni yako, wengine wanasema ni ya yule mpishi. Nataka tu kumshukuru aliyenikumbuka."

Kalamu alikuwa ameshaifungua. Na ukweli ulikuwa upande wangu! Ilikuwa ni kura yangu. Sikuhitaji kudanganya, ilikuwa ni kusema tu, mheshimiwa, ni mimi, na jioni ile ningekuwa nimemgeuza mama yangu kitandani kwa mikono yangu mwenyewe. Nilimwona mama. Nilimwona wazi, ukutani nyuma ya kichwa cha yule bwana.

"Mheshimiwa," nikasema, "kura zilikuwa mbili. Nikikutajia yangu, nimekutajia na ya mwenzangu."

Alicheka kwa pua. "Kumbe kweli ni mwalimu wa hesabu." Akaifunika kalamu. Faili akalifunga kwa upole, akalisukuma pembeni, akaniambia nimalize chai yangu.

Uhamisho haukuja mwaka ule wala uliofuata. Mwishowe nilikodi gari, nikamlaza mama kwenye godoro nyuma, nikamleta kwenye chumba changu cha shuleni, na huko aliishi miezi kumi na minne. Daraja nalo halijajengwa, ingawa wamekuja kupima mara mbili. Jiko la Kusumpadar lilibaki kwa Kuntala. Kwa wiki kadhaa wanawake walimkatalia zamu ya pampu, mpaka asubuhi moja Dasarathi alipokwenda akamjazia ndoo mbele ya watu wote, na maneno yakaisha.

Nilikutana naye mara moja tu, mwaka uliofuata, kwenye gulio la Malipada. Alikuwa anauza ukwaju na manjano, ametandaza gunia chini. Alinitambua kabla sijamtambua. Tuliulizana hali, nikamwambia mama yangu amepooza, amelala hapa hapa Malipada kwa kuwa uhamisho wangu haujatoka, nikachagua manjano, akapima. Kisha, bila kuinua uso, akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amekaa nalo muda mrefu.

"Sikujua kama wewe nawe ni mtu wa Ngazi, mwalimu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyegundua kwamba jirani mwema anakunywa pombe. Ndipo nilipoelewa kwamba kati ya watu wote waliosikia matokeo yale, yeye peke yake alijua kwa uhakika kura ipi ilikuwa yangu, na alikuwa amenihukumu nayo mwaka mzima.

"Sikuwa, mama," nikamwambia. "Sikuwa kabla ya siku ile, na tangu siku ile sijawa."

Mkono wake ulisimama juu ya mizani. Aliniinulia macho, akanitazama, na nikaona anapiga hesabu taratibu, kwa namna yake, moja na moja. Haikumchukua muda. Hakusema asante wala mimi sikuingoja. Alikunja gunia lake na biashara yake yote ndani, saa nne asubuhi, gulio likiwa ndiyo kwanza linachangamka, akaninyang'anya kikapu mkononi akakitia kichwani kwake.

"Twende," alisema. "Nionyeshe anapolala mama yako."